Mgomba wa Ayebare

Kokuberwa hajainuka. Bado amelala kifudifudi juu ya kaburi la mwanawe, pale pale tulipomwacha wiki iliyopita. Panga la bibi shamba liko juu, na watu wa Nyabiyonza waliojaa kibanjani, katikati ya migomba, wamefumba macho.

Panga halikushuka.

"Mama, inuka," alisema Placidia, bibi shamba aliyetoka Kyerwa. "Nakuomba uinuke."

"Kata! Unaogopa nini? Ukimaliza mgomba, nikate na mimi."

"Sikuja kukata watu, mama."

"Basi rudi kwenu. Huyu unayemwona hapa ni mtu."

Watu waliguna. Mgomba wenyewe ulisimama upande wa kichwani pa kaburi. Majani yake yalikuwa yamegeuka manjano, yamelegea na kuning'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita na ajue hivi. Mnyauko umeingia kwenye migomba ya kwetu Karagwe na ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka kwetu. Mgomba ukishaugua, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina ukilikata linatoa usaha wa manjano. Dawa hakuna. Ni kukata, kung'oa na kufukia. Huko nyuma kila upande ulikata kwa siku zake, na ugonjwa ukawa unavuka bonde kwenda na kurudi kama mtu mwenye wake wawili. Ndipo halmashauri mbili zilipokaa na kukubaliana. Sasa kuna kikosi kimoja, sheria ndogo moja, na kitalu kimoja cha miche safi kule Nkwenda kwa ajili ya watu wa pande zote. Mgomba mgonjwa unakatwa, awe mwenyewe nani. Na panga lililougusa linafuatwa kila lilikopita.

Tatizo ni kwamba mgomba huu ulikuwa umeota kaburini kwa Ayebare, binti pekee wa Kokuberwa.

"Shemeji, unatuaibisha mbele ya wageni," alisema Elipidius, mwenyekiti wa kitongoji na mdogo wa marehemu mume wa Kokuberwa.

"Wewe nyamaza. Jana walipokata wa kwako ulilia mpaka kanisani wakasikia."

"Ule ulikuwa wa rubisi! Mwanamume hulilia migomba ya pombe. Huu wako umewahi kumnywesha nani?"

Watu walicheka. Kokuberwa hakucheka. Alikaa kitako, udongo umemjaa kifuani, akamtazama Placidia toka miguuni hadi kichwani.

"Mlipopewa wilaya yenu mlisema sasa kila mtu atalala kwake. Leo mmekuja kutafuta nini kibanjani kwangu?"

"Nimekuja naye mimi, waitu," alijibu kwa heshima Twinomujuni, bwana shamba wa upande wa Karagwe. Alikuwa mtu mzima wa maneno machache. "Leo yeye yuko kwetu, kesho mimi nitakuwa kwao. Na huko kwao wameniita majina mabaya kuliko haya."

Placidia aliliweka panga chini. Akapiga magoti kando ya kaburi bila kujali sketi yake.

"Mama, nijibu hili moja tu. Nani alikuwa akikata hapa?"

"Mimi peke yangu. Panga langu haliazimwi. Nalipitisha motoni kama mnavyotufundisha. Mwulize yeyote hapa."

"Ugonjwa uliingiaje basi?"

"Mwulize Mungu."

Hapo ndipo jirani yake Avelina aliposema polepole, kana kwamba maneno yamemtoka bila idhini yake:

"Ila siku ya msiba."



Siku ya msiba! Nani kwetu huenda msibani mikono mitupu? Siku ile, mwaka juzi, watu walikuja na mapanga yao kutoka huku na ng'ambo ya bonde. Wengine walikata majani ya migomba watu wapate kukalia. Wengine walikata mikungu ya kupikia waombolezaji. Kila panga lilikuja kwa upendo, na hakuna aliyeliuliza linatoka wapi.

Kisha kulikuwa na lile shina. Kokuberwa alitaka mwanawe alale ubavuni mwa baba yake, na ukingoni mwa pale pa kuchimba palisimama mgomba. Mtu mmoja alijitolea kuukata. Kokuberwa aliukumbuka mgongo wake. Alikuwa analia hata panga likawa linakosa shina na kupiga udongo. Ni kwenye kisiki kile, baada ya udongo kutulia, ulikochomoza mgomba huu.

"Nani aliukata?" Placidia aliuliza.

Kokuberwa alifunga mdomo.

Nyuma kabisa, kwenye mibuni, mmoja wa vijana wa kikosi waliotoka Kyerwa alivua kofia aliyokuwa ameishusha hadi machoni.

"Ni mimi."

"Maawe!" alipiga kelele Avelina. "Jasson!"

Naam, Jasson wa Kaisho! Yule aliyekuwa amuoe Ayebare. Ndoa yao ilikuwa imeshatangazwa kanisani, nguo zimeshonwa, ndipo homa ikamchukua binti wa watu ndani ya juma moja. Tangu matanga yalipovunjwa, Jasson hakuwahi kukanyaga tena Nyabiyonza. Na leo alikuwa amesimama kibanjani tangu asubuhi, na aliyekuwa awe mama mkwe wake hakumtambua.

Alisogea mpaka mbele ya kaburi. Hakuthubutu kumtazama Kokuberwa usoni.

"Siku ile nilikuwa kibanjani kwa baba, tunakata migomba iliyougua. Kanisani kwetu tulikuwa tumeshaambiwa, panga lililogusa mgomba mgonjwa lipite motoni kwanza. Na moto ulikuwepo, mama. Ulikuwa unawaka pale pale. Simu ikalia. Wakaniambia Ayebare hatunaye."

Alielekeza kofia yake barabarani.

"Nikapanda pikipiki. Nilipofika hapa ndipo nikaona nimeshika panga."



"Mbona hukusema?" aliuliza Twinomujuni.

"Sikukumbuka. Moto sikuukumbuka kabisa. Ugonjwa huu unalala ndani ya shina muda mrefu, nimejua hivyo juzi kwenye mafunzo ya kikosi. Ndiyo maana nimekuja. Nilitaka nione kwa macho yangu kama nilimletea ugonjwa hata kaburini."

Elipidius alilipuka.

"Kumbe ni huyu! Tumepoteza migomba kitongoji kizima kwa sababu ya huyu! Bwana shamba, hiyo sheria ya halmashauri mbili inasemaje? Si apelekwe kwa mtendaji sasa hivi?"

"Apelekwe!" waliitikia wanaume wawili watatu.

Mmoja alimkamata Jasson ukosi wa shati. Kitufe kiliruka. Jasson hakujitetea. Alisimama akiachia mikono kama mtu anayevuliwa nguo na mama yake.

Na hapo, msomaji, lilitokea jambo ambalo maofisa wawili na shemeji mmoja walikuwa wamelishindwa tangu asubuhi. Kokuberwa aliinuka juu ya kaburi.

"Mwacheni!"

Alipita katikati ya wanaume akawatenganisha kwa viwiko.

"Huyu anaongopa. Ana uchungu, ndiyo maana anajibebesha lawama. Siku ile alikuja mikono mitupu. Panga lililokata hapa ni langu. Nilimpa mimi."

"Mama..." Jasson alinong'ona.

"Nyamaza wewe."

Placidia na Twinomujuni walitazamana. Twinomujuni alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Hakuwa na sura ya mtu aliyepata nafuu.

"Una hakika, waitu?"

"Nina hakika."

"Basi ugonjwa ulianzia kwako, na huo moto wako haukusaidia. Panga lako ndilo tutakalolifuata. Nani mwingine umemsaidia kukata tangu siku ile?"

Kokuberwa aligeuka kumtazama Avelina.

Alijua jibu, na kila mtu pale alilijua. Avelina alipoumwa mgongo, nani aliyekuwa akivuka ua kila asubuhi kumpunguzia majani na machipukizi? Kibanja cha Avelina ndicho pekee upande ule kilichokuwa bado kimesimama kijani.

"Itabidi tung'oe kila shina ulilogusa," alisema Twinomujuni. "Hatuwezi kubahatisha."

Avelina hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga.

"Koku," alisema, akimwita kwa jina la usichana wao. "Watoto wangu wanakula pale."

Maskini Kokuberwa! Kulia kwake amesimama kijana ambaye mwanawe alimpenda. Kushoto amesimama mwanamke aliyemshika mikono usiku wote wa maombolezo. Amvunje yupi?

Alimtazama Jasson. Jasson alitikisa kichwa kidogo, kana kwamba anamruhusu.

"Alikuja nalo," alisema Kokuberwa. "Panga lilikuwa lake. Avelina, nisamehe. Nilitaka kumficha mtoto."

Elipidius alitaka kumrukia Jasson. Twinomujuni alimzuia kwa mkono.

"Mwachieni. Sheria inamtafuta anayeficha. Huyu amesema mwenyewe mbele ya watu wote."

"Na migomba yetu je?"

"Miche ipo Nkwenda. Utapewa, mwenyekiti. Hata ya rubisi ipo."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Kokuberwa aliinama, akaliokota panga la Placidia. Alikwenda kwenye moto wa kikosi, akalipitisha upande mmoja, akalipitisha upande wa pili, akarudi.

"Naomba nimkate mwenyewe."

Walimpisha.

Mgomba hauanguki kama mti. Hauna kishindo. Ukikatwa unalala taratibu, kama mgonjwa anayesaidiwa kushuka kitandani. Huu nao ulilala hivyo hivyo, juu ya kaburi lote, majani yakafunika udongo. Kila asubuhi Kokuberwa alikuwa akipita hapa na kuuliza, "Umeamkaje?" Kila jioni alikuwa akiuambia nani ameoa, nani amejifungua, nani kanisani kaimba vibaya. Sasa kwenye kidonda cha shina palitoka usaha wa manjano, polepole, tone kwa tone.

Kokuberwa aliinamia shina.

"Kumbe ulikuwa unaumwa," alisema. "Na hukuniambia."

Avelina aligeukia pembeni, akajifunika uso kwa khanga. Alijua maneno yale yanatoka wapi. Ayebare naye aliificha homa yake akishona nguo za harusi, akisema ni uchovu tu, mpaka siku aliposhindwa kusimama.

Vijana wa kikosi walianza kuchimba shimo la kufukia, mbali kidogo na kaburi, kwa heshima. Kwa kweli mambo yangeishia hapo. Lakini kazi ya bibi shamba ilikuwa haijaisha.

"Jasson," alisema Placidia. Alizungumza kikazi, akitazama chini. "Baada ya hapa panga lilikwenda wapi?"

"Nilirudi nalo nyumbani. Likapita motoni siku hiyo hiyo."

"Na hapa? Hukuondoka na kitu?"

Aliyejibu ni Kokuberwa, na sauti yake ilikuwa na uhai kidogo, maana alikuwa amekumbuka jambo lililomfariji.

"Aliondoka na chipukizi guniani, kalichimba mwenyewe kwa jembe. Matanga yalipovunjwa nilimpa moja la shina lile lile. Nikamwambia alioteshe kwao, pale alipokuwa amepima nyumba ya Ayebare. Hata huu ukifa, nilijua kuna mwenzake Kaisho."

Placidia aliinua uso haraka.

"Kwao hakuna. Kwao nilikata mwenyewe, shina kwa shina. Hapakuwa na mgomba wa namna hii." Kwa mara ya kwanza siku ile alimkazia macho Jasson. "Uliuotesha wapi?"

"Kwa baba kulikuwa na ugonjwa. Nilitaka uishi. Nikatafuta mahali pasafi."

"Wapi?"

"Placidia..."

Hakusema bibi shamba. Alisema Placidia, na kwa sauti ambayo wanawake wote waliokuwa pale waliielewa. Elipidius mwenyewe aliielewa.

"Wapi, Jasson?"

"Kwa mama yako. Ule ulio nyuma ya jiko."

Placidia alirudi nyuma hatua moja, akakanyaga majani ya mgomba uliolala.

"Mmefahamiana nyinyi?" aliuliza Kokuberwa.

Jasson aliinamisha uso.

"Nimeuliza mmefahamiana?"

"Tumetambulishana kwa wazazi Pasaka hii, mama," alisema Placidia. "Nisamehe. Sikujua kwamba ule mgomba umetoka hapa. Alisema ni wa shangazi yake."

"Sikuwa na nia mbaya," Jasson alisema, machozi yakimshuka waziwazi. "Nilikuwa nakwenda kuutazama kila Jumapili baada ya ibada. Naupalilia, nakaa kidogo, narudi. Ni hivyo tu. Ndiko nilikomfahamu Placidia."

"Kila Jumapili?" Placidia aliuliza. "Mimi nilidhani unakuja kwa ajili yangu."

Jasson aligeuza macho kwenye mgomba uliolala, na hilo lilitosha kuwa jibu.

Kokuberwa aliwatazama wote wawili. Moyoni mwake palipita hasira, ikapita huruma, ikarudi hasira. Mwanawe ametolewa kaburini akawa njia ya kumfikia msichana mwingine! Lakini alipomtazama msichana huyo, aliona mtoto wa mtu aliyesimama na sketi yenye udongo wa kaburi la Ayebare, akiuma mdomo asilie mbele ya vijana wake wa kazi.

"Mpigie mama yako," alimwambia. "Asiuguse."

Placidia alitoa simu, ikamponyoka. Twinomujuni aliiokota, akapiga, akaweka sauti ya wazi ili kikosi kizima kisikie.

"Placidia, mwanangu!" Sauti ya mwanamke mwenye furaha ilijaa kibanjani. "Leo hujanisalimia tangu asubuhi!"

"Shikamoo, mama. Mama, ule mgomba wa Jasson..."

"Eee! Umenitoa neno mdomoni. Mkungu wake hata wanaume wawili hawaubebi. Majani yamepata manjano kidogo, nadhani ni jua hili."

Twinomujuni alifumba macho.

"Mama, usiukate. Usiuguse. Na machipukizi yake usimpe mtu."

"Nisimpe mtu? Mbona umechelewa! Nimeshagawa yote. Kila anayeuona anaupenda. Mwanajumuiya wangu kachukua, watu wa kitalu cha Nkwenda wakaja, na Kansiime, mpwa wangu, amepita hapa na lake anakwenda kuliotesha kwao Uganda. Nimewaambia wote, hiki ni kitu cha mkwe wangu."

"Mama, uliwapa kina nani? Wote ni kina nani?"

"Placidia jamani! Nani anahesabu anachowapa watu?"

Simu ilikatika. Mtandao wa kule bondeni una tabia zake.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili sitalisahau mimi, na sidhani kama utalisahau wewe. Kokuberwa, aliyesimama juu ya majani ya mgomba wa mwanawe, alitabasamu.

Hakujua kama anatabasamu. Alikuwa amesikia jambo moja tu. Ayebare, aliyekufa bila kuacha mtoto, yuko nyuma ya majiko ya watu Kaisho. Yuko Nkwenda. Amevuka hata mpaka wa nchi, mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kufika. Watu wanampenda. Watu wanamwomba.

"Maawe," alisema taratibu. "Kumbe ana uzao."

Kisha akawaona watu wengine. Placidia alikuwa amekaa chini, kichwa magotini. Twinomujuni alikuwa anampigia dereva wa kikosi alete gari, na kwa simu ya pili anawaomba wenzake wa Kyerwa wafunge kitalu cha Nkwenda, asitoke wala asiingie mtu na mche. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatabasamu.

Ndipo alipoelewa. Wote. Mmoja mmoja, ua kwa ua, wote itabidi wakatwe.

Tabasamu lilikufa usoni mwake kama taa iliyoishiwa mafuta.

"Nani atawakata?" aliuliza.

"Mimi," alisema Placidia bila kuinua kichwa. "Ni kazi yangu. Nitaanza na wa kwetu."

"Huwezi kusimama, utakata nini?" Kokuberwa alimshika mkono, akamwinua, akampangusa udongo kwenye sketi kama anavyopanguswa mtoto anayekwenda shule. "Tutakwenda wote. Nitakata mimi. Hao ni wajukuu zangu. Sitaki wakatwe na mtu asiyewajua."

"Mama Ayebare, huko ni Kyerwa," Elipidius alinong'ona. "Utaingiaje kwenye vibanja vya watu?"

"Nitaingia kama huyu alivyoingia kwangu. Si mmesema kikosi ni kimoja?"

Gari la kikosi liliegeshwa barabarani. Avelina alileta sweta, akamvisha rafiki yake mabegani bila kusema kitu. Kokuberwa alipanda mbele na panga lake mwenyewe magotini. Twinomujuni alihesabu vijana wake wakipanda nyuma, akasita, akahesabu tena.

"Jasson yuko wapi?"

Walitazama kwenye mibuni. Walitazama kaburini. Kutoka ng'ambo ya bonde, kwenye barabara ya kwenda Kaisho, ulisikika mlio wa pikipiki inayokimbizwa na mtu asiyejali shingo yake.

"Amekwenda kutusaidia," alisema Placidia. "Amekwenda kuanza."

Lakini Kokuberwa alikuwa anatazama pale vijana walipoweka vifaa vyao vikisubiri kupakiwa. Mapanga yote ya kikosi yalikuwa yamelala kando ya moto, hakuna lililopungua.

Jasson alikuwa ameondoka na jembe na gunia.